Pazia la Mama Jentrix

Akoth alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimesimama jikoni nakunywa chai, maana mimi chai huinywa nikiwa nimesimama, kiti kimenishinda tangu ujana. Hakunisalimu. Aliniambia tu kwamba Mama Jentrix wa Kawangware ametuacha, na kwamba ibada ya kumuaga itakuwa Alhamisi, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani Magharibi. Kisha akauliza swali nililojua linakuja: mkwe ataambiwa na nani? Tukacheka sote wawili, halafu yeye akaanza kulia, na mimi nikaimwaga chai iliyobaki kwenye sinki. Huyo mkwe hakuwa mkwe. Mimi ndiye niliyemfanya mkwe, kwa mdomo wangu huu huu, mwaka ule mto ulipobeba nyumba za watu Kibera. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwa na subira hata ya kungoja maji yachemke.

Sitaeleza nilivyofika Kibera wala mimi ni mtoto wa nani. Hayo yana siku yake. Nianzie ukumbini. Ulikuwa ukumbi wa kanisa upande wa Olympic, sakafu ya simiti, madirisha ya juu yasiyofunguka, na ndani yake familia nyingi kupita kiasi zilizogawana sakafu kwa mashuka yaliyofungwa kwenye kamba. Ulinuka magodoro mabichi na uji ulioshika chini ya sufuria. Mto ulikuwa umepanda alfajiri moja baada ya mvua ya siku tatu, ukapita na mabati, mbao, mbuzi na kila kibanda kilichokuwa ukingoni. Mchungaji alinipa daftari niandike majina ya watu wa kugawiwa unga na blanketi, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na miguu isiyotulia, nilikubali. Ila nilipowauliza watu wamepoteza nini, hawakunitajia nyumba. Fundi mmoja alinitajia cherehani. Akoth, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani, alinitajia karai lake la kukaangia samaki, akalieleza kuanzia mshikio hadi weusi wa chini kama anayeeleza mtoto aliyepotea. Nguo na unga watu huletewa kwa magunia. Kazi hakuna anayeileta kwenye gunia. Nikapiga mstari kwenye daftari la mchungaji bila kumwuliza, nikaongeza safu: kazi yako ilikuwa gani. Tangu siku hiyo wakaniita Karani.

Kimanzi alikuwa mtu wa chapati. Mrefu, mwembamba, wa kutoka Kitui, mwenye alama ndogo za mafuta ya moto mikononi hadi kwenye viwiko. Alikaa nyuma ya shuka lao na mkewe, Mama Mwende, na watoto wawili, na asubuhi nzima alikuwa akizungusha chupa ya maji juu ya sakafu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayesukuma unga. Hakuwa akijua kwamba anafanya hivyo. Mkewe alimshika mkono, akaacha. Akiuachilia tu, chupa inaanza tena. Mimi mwenyewe niliyeshindwa kukaa, nilimtazama yule bwana nikahisi kuwashwa mwili mzima. Nilijiambia huyu nikimwacha hapa mwezi mmoja ataharibika. Sikusema nitamtafutia kazi. Nilivaa viatu nikatoka.

Kutafuta kazi Kibera mwaka ule kulikuwa ni kupoteza wakati, kwa sababu kila aliyekuwa na kibanda juu ya mto alikuwa na ndugu wa chini ya mto. Kwa hiyo nilikwenda Kawangware, ambako mvua ilileta matope tu. Kila siku nilipita Ayany, ambako kina mama wa kufua walikuwa wameketi ukutani wakingoja kuitwa, nikavuka Ngong Road, nikaendelea kwa miguu hadi kituo cha matatu kiitwacho 46, na jioni nikarudi njia ile ile. Nilimaliza soli za viatu viwili. Nilibisha kwa mafundi wa sofa, kwa washonaji, kwa wenye hoteli, kwa wasaga unga. Wengine waliniambia watu wa mafuriko wakipewa mabati watarudi kwao waache kazi nusu. Mwingine alidai wakilala kazini wataleta na watoto. Na karibu wote, baada ya kukataa, waliongeza neno moja: ingekuwa ni mtu wako, sawa. Ndipo nikagundua kwamba katika mitaa yote niliyotembea hakuna aliyeniuliza mtu wangu anaweza kufanya nini. Waliniuliza ni nani wangu. Basi nikaanza kuwagawia watu undugu kama mchungaji alivyogawa unga. Fundi cherehani akawa binamu. Bwana mmoja wa kupiga msasa akawa shemeji. Nilijiona mwerevu sana.

Leo nina meza na fomu, na ninalipwa mshahara kwa kazi ile ile niliyoianza bila kutumwa na mtu. Watu wakihamishwa na maji au moto, huletwa kwangu, nami huwaandika: umri, ujuzi, uzoefu. Ni fomu nzuri, yenye visanduku vya kutosha. Lakini kila nikiijaza, mkono wangu hutafuta kile kisanduku ambacho hakipo, kile cha huyu ni nani wako, kwa sababu najua nikimpeleka mtu kwa mwajiri hilo ndilo swali nitakaloulizwa mlangoni, fomu au hakuna fomu. Wenzangu vijana ofisini huniambia niketi, Madam, utachoka. Siwaambii kwamba mara ya mwisho kutulia na kuridhika na akili yangu nilikuwa nimesimama mbele ya hoteli ya Mama Jentrix, na nilichokifanya pale kilinifukuzia usingizi miezi mitatu.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza nne, na jiko la makaa mlangoni ili harufu ya chapati iwaite wapita njia. Mama Jentrix, mwanamke mpana wa Kiluhya aliyekaribia miaka hamsini, alikaa kwenye kaunta hatua mbili kutoka jikoni, akiona kila kinachoingia na kinachotoka. Mpishi wake wa chapati alikuwa amemhama wiki ile ile. Nilikuwa nimeshakataliwa sehemu kumi na moja na jua lilikuwa kali. Alimtazama Kimanzi nyuma yangu, akatazama mikono yake, nikaona ameipenda. Kisha akauliza, "Huyu ni nani yako?" Singeweza kusema mjomba, maana mimi ni Mluhya, na Kimanzi angefungua tu kinywa, Kitui ingetoka yote. Hilo nilikuwa nimelipigia hesabu njiani. Nikasema, "Amemwoa mama yangu mdogo."

Akauliza mama yangu ni wa wapi. Nilikuwa nimeishiwa uongo kwa siku ile, nikamwambia ukweli, kijiji na ukoo. Mama Jentrix akaweka mwiko chini taratibu. Alikuwa ameolewa katika ukoo ule ule, tena kwa wazee, safu moja na nyanya yangu. Kwa hesabu ya kwetu, mabinti wote wa ukoo waliolingana na mama yangu walikuwa mabinti zake, na mwanamume aliyemwoa mmoja wao alikuwa mkwe wake, si wa mbali, mkwe kabisa. Na mama mkwe kwetu hamtazami mkwe usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, hawakai chumba kimoja. Kabla sijafikiri la kusema, alikuwa ameshavuta leso akajifunika kichwa, ameinuka, ameingia nyuma. Nikageuka kumtazama Kimanzi nikitumaini hajaelewa. Alikuwa ameshageuza uso ukutani. Wakamba nao wana heshima hiyo, naye Kimanzi ana mama mkwe wake halisi huko Kitui ambaye hajawahi kumwona akila. Mwili wake ulitii kabla yake mwenyewe. Kutoka nyuma ya hoteli nikasikia sauti ya Mama Jentrix, laini kuliko ilivyokuwa kwenye kaunta: "Mwambie mkwe wangu kazi ni yake. Aanze kesho. Na wewe, kuanzia leo niite Kukhu." Ndivyo tunavyomwita nyanya.

Kesho yake nilikuta pazia. Lilikuwa la maua mekundu, la dirishani, limetundikwa kwa misumari katikati ya kaunta na jiko. Kimanzi akiingia, Mama Jentrix yuko nyuma ya pazia. Mama Jentrix akitaka kutoka nje, anakohoa mara mbili, Kimanzi anaondoka jikoni anasimama barabarani akitazama upande wa pili hadi asikie kikohozi kingine, huku chapati inaungua. Mwenye hoteli akawa hali tena hotelini mwake. Alikula nyuma, amechuchumaa karibu na pipa la maji. Maagizo yalihitaji mjumbe, na mjumbe akawa Akoth, ambaye nilimpeleka pale kuosha vyombo wiki ya tatu. Akoth alijua ukweli wote, na hakuna aliyewahi kuteseka kwa kuzuia kicheko kama yeye. Mama Jentrix akisema mwambie mkwe mafuta yamezidi, Akoth anageuka, hatua moja tu, anasema mafuta yamezidi, kwa mtu ambaye ameshasikia. Kimanzi anasema mwambie mama nimesikia. Mama ameshasikia pia. Wateja walidhani ni mtindo mpya wa biashara.

Kwa kweli biashara ilipanda. Chapati za Kimanzi zilikuwa na matabaka ya kuhesabika, laini hata zikipoa, na foleni ilifika kwa muuza viatu. Chupa ile ukumbini haikuzungushwa tena. Na Mama Jentrix, ambaye mdomo wake ulisikika 46 yote, akawa anawaambia watu kwamba mjukuu wake analeta watu wa kuaminika. Kwa neno lake fundi wa sofa alichukua wawili, msaga unga akachukua mmoja, na mwanamke wa mitumba akachukua binti wa kupanga nguo. Ilinipasa kufurahi. Badala yake nilikuwa kama niliyekalia siafu. Kila mtu niliyemwandika kwenye daftari sasa alisimama juu ya neno la Mama Jentrix, na neno la Mama Jentrix lilisimama juu ya harusi ya mama yangu mdogo, ambaye alikuwa ameolewa na mwalimu huko nyumbani na hajawahi kuiona Kitui. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilitoka Kibera hadi Kawangware na kurudi, kila siku, kwa miguu.

Pazia lilipoingia mwezi wake wa tatu, Mama Jentrix akalichoka. Aliniita nyuma nilipopita, akanipa maharagwe nimsaidie kuchambua, akaniambia mambo haya yana dawa yake. Siku binti yake, yaani huyo mama yangu mdogo, atakapompikia nyumbani kwake, na mkwe akampa blanketi, watashikana mikono na pazia litashuka, atakula tena mezani kama mtu mwenye hoteli. Kwa hiyo Jumapili ijayo atakuja na kuku kumwona binti. Nimwelekeze tu nyumba. Nilisema sawa, Kukhu. Nilichambua maharagwe yale hadi nikawa natupa mazima na kuacha mawe.

Jioni ile ukumbini Akoth alikuwa na jibu tayari, kwa kuwa Akoth hakosi jibu. Kuna mama Mluhya pale kona ya pili, alisema, tunamkopa siku moja, avae leso, apike, asalimie kwa lugha yenu, mambo yanaisha. Nikiri kwamba nilikwenda kuongea na huyo mama. Nikiri pia kwamba alikubali. Niliporudi nimwambie Kimanzi, alikuwa ameketi na mkewe, mtoto mdogo amelala mapajani mwake, na Mama Mwende alikuwa akimpaka mafuta ya kupikia kwenye jeraha jipya la mkono. Kimanzi alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Kisha akasema polepole, "Karani, mke wangu ndiye huyu. Unataka nimkane mbele ya watoto juu ya chapati?" Mama Mwende aliacha kupaka. Kimanzi akaongeza kwamba nisipokwenda kusema ukweli, atakwenda mwenyewe, na kwamba ni afadhali niende mimi, kwa kuwa yeye hawezi kusimama mbele ya mama mkwe na kuongea. Aliposikia amemwita mama mkwe, hata yeye alitikisa kichwa. Nikaona haya ambayo sijawahi kuona kabla wala baada.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na mapema, kabla Kimanzi hajawasha jiko. Njia nzima nilihesabu watu. Akoth. Wale wawili wa sofa. Wa msaga unga. Binti wa mitumba. Na Kimanzi na chupa yake. Mama Jentrix alikuwa nyuma akiosha mchele. Nilisimama, nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba Kimanzi hajamwoa mama yangu mdogo, mke wake ni Mkamba na wako naye ukumbini, nilidanganya apate kazi. Aliendelea kuosha. Akamwaga maji, akatia mengine, akamwaga tena. Halafu akasema kwamba kwa miezi mitatu amekula karibu na pipa kama mwizi, kwa ajili ya mtu wa barabarani. Akaniambia nitoke.

Nilisimama nje karibu na muuza viatu. Kimanzi alifika, akaniona, akaelewa, akasimama ng'ambo ya barabara, uso umegeukia upande mwingine. Hata siku ile. Sijui tulikaa vile muda gani. Wateja wa kwanza walikuja, wakakuta jiko baridi, wakaondoka. Nilikuwa na hasira, na ninaikumbuka vizuri kwa sababu sikujua ni ya nani: ya mto, ya wale kumi na mmoja walioniuliza ni nani wangu, au yangu mwenyewe. Hatimaye Mama Jentrix aliniita. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia na leso ilikuwa kichwani.

"Siku ile nilijifunika kichwa," alisema. "Na yeye akageuza uso. Hiyo pia ilikuwa uongo?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi nitamwangaliaje sasa? Nikitoa hii pazia nitamwambia nini? Mdomo ulishamwita mkwe." Akakunja mikono. "Huyo bibi yake anaitwa nani?"

"Mama Mwende."

"Kesho nakuja kuona binti yangu. Na umwambie mkwe awashe moto, watu wanangoja."

Nilivuka barabara nikamwambia Kimanzi awashe moto. Sikumaliza sentensi. Nililia pale pale, mbele ya muuza viatu, na Kimanzi akatazama kando kwa adabu ile ile aliyompa mama mkwe wake.

Jumapili Mama Jentrix alikuja kweli, kwa miguu, na jogoo kwapani. Kimanzi alitoka akasimama huko barabarani hadi alipoondoka. Wale wanawake wawili waliketi juu ya godoro, mmoja Mluhya na mwingine Mkamba, wakaongea Kiswahili cha Nairobi juu ya bei ya unga na jinsi mtoto mdogo anavyokataa uji. Aliponyanyuka kuondoka, Mama Jentrix alimshika Mama Mwende kidevu akamwambia amekonda. Hapakuwa na blanketi. Yaliyokuwepo yalikuwa ya msaada, na Kimanzi alisema blanketi la msaada si la kumpa mama mkwe.

Sio wote walioishia vizuri. Mabati yalipogawiwa, wale wawili wa sofa walirudi mtoni wiki hiyo hiyo bila kuaga, kama waajiri walivyobashiri, na fundi wa sofa hajanijibu salamu hadi leo. Fundi cherehani aligombana na mwenye duka. Lakini Kimanzi alibaki nyuma ya pazia lile miaka minane. Desemba ya mwaka ule ule alinunua blanketi jipya, zito, akampa Akoth alipeleke. Likarudishwa. Akoth alituletea jibu akiwa ameshika mbavu: mama amesema tukishikana mikono tutazoeana, na tukizoeana tutagombana, wapishi wote niliogombana nao nilikuwa nawaangalia machoni, blanketi likae. Likakaa. Baadaye Kimanzi alifungua kibanda chake karibu na Ayany, na kila Krismasi alituma chapati Kawangware, na kila Krismasi ilirudi sufuria ikiwa na kuku.

Alhamisi nilifika kanisani nikiwa nimechelewa kidogo. Foleni ya kuutazama mwili ilikuwa imeanza. Akoth, sasa ni mama wa kutembea na fimbo, alinionyesha kwa kidole upande wa lango. Kimanzi alikuwa amesimama nje, kichwa cheupe chote, mgongo ameupa mlango wa kanisa. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake niliona blanketi lile lililorudishwa, bado na karatasi yake ya dukani iliyogeuka rangi.

Nilimwambia aingie, gari litaondoka saa sita. Nilimwambia, "Mzee, wewe na mimi tunajua. Hakuwa mama mkwe wako. Mwone tu mara moja."

Hakugeuka. "Miaka yote hiyo aligeuza uso, na mimi nikageuza," alisema. "Leo yeye hawezi. Nikiingia kumwangalia, si nitakuwa nimemvizia?"

Akanipa mfuko, bado anatazama barabarani. Niliingia. Nilipita foleni, watu wakanipisha, nikalikunjua blanketi nikalitandika juu ya miguu yake. Kisha nikainama nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, kama Akoth alivyokuwa akifanya: Kukhu, mkwe ameleta blanketi. Yuko nje, hataingia.